Kibarua cha chaki

Mwanafunzi anayeshuka daladala Nyegezi, Mwanza, na kushika njia ya Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), humwita kila anayesimama mbele ya darasa mwalimu au dokta. Hana sababu ya kujua nani ameajiriwa moja kwa moja na nani, chuoni kokote nchini, ameitwa kufundisha somo moja kisha aende zake. Tofauti hiyo haionekani ubaoni. Imo kwenye karatasi.

Karatasi hiyo ina ukoo mrefu. Kibarua kilikuwa barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa ili akionyeshe apate ujira wake; baadaye jina la karatasi likamganda mwenyewe. Kwenye mashamba ya mkonge enzi za Mwingereza kulikuwa na kipande, kadi ya siku 30, na mshahara ulikuja pale siku zote zilipotiwa alama. Bandarini Dar es Salaam, waliogoma mwaka 1939 walikuwa vibarua. Mwaka 1947 makuli waligoma tena, na mgomo ukapanda treni kwenda bara.

Mwanza nayo iliijua kazi ya msimu. Pamba ikivunwa, vinu vya kuichambua vilitaka mikono mingi. Msimu ukiisha, mikono ikarudi kulima. Mwaka 1960 maaskofu Wakatoliki walianzisha chuo Nyegezi, kikafundisha uhasibu na uandishi wa habari miongoni mwa fani nyingine, na mwaka 1998 kikazaa chuo kikuu. Semesta nayo ni msimu, ingawa wasomi hatupendi kulinganishwa na pamba.

Na sauti ya mfanyakazi? Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 likavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja ambacho katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, alikuwa pia waziri wa kazi. Mtu alipeleka malalamiko kwa bosi na kwa mtetezi wake katika ofisi ileile.

Kenya mambo yalikuwa makali zaidi. Chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu, ambacho Willy Mutunga alikuwa kiongozi wake, kilipigwa marufuku mwaka 1980. Wahadhiri waligoma mwaka 1993 wakidai chama chao kipya, UASU, kisajiliwe; usajili ulikuja mwaka 2003, Rais Moi akiwa ameshaondoka Ikulu. Hata hivyo wahadhiri wa muda wa huko wameendelea kulia na malimbikizo ya malipo.

Kwetu Tanzania, mlango wa mikataba ya muda ulifunguliwa na usomi wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa mwaka 2004, iliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi. Mfagizi hakuwamo. Profesa alikuwamo. Sheria hiyohiyo iliweka kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, lakini si kwa aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Semesta haifiki miezi 6. Anayeajiriwa kwa semesta moja kibarua chake huota nyasi kabla kinga haijachipua.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo ina vigezo kadhaa vya kumtambua mwajiriwa, na kimoja kikitimia hutosha. Kimojawapo ni wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Somo moja la saa 3 kwa wiki ni kama saa 12 kwa mwezi. Vitabu vya mitihani anavyosahihisha usiku, taa ya nyumba ya kupanga ikizimika na kuwaka, nani huvihesabu?

Vyama vya wafanyakazi vipo, RAAWU na THTU, na Sheria ya Ajira haimzuii mwajiriwa wa muda kujiunga. Inataja hata idadi ya wawakilishi: wanachama 10 hadi 20 huchagua 3, wanachama 21 hadi 100 huchagua 10. Mwakilishi hutoka miongoni mwa waliopo kazini. Anayechaguliwa Machi, na mkataba wake ukaisha Julai, huondoka na uwakilishi wake Julai, na waliompigia kura huenda nao wanafungasha.