Hofu Kubwa ya Baba Aliyepelekwa Burma Haikuwa Mjapani

Ukifika Posta, Dar es Salaam, utamkuta yule askari wa shaba kashika bunduki yenye singe. Watu wanapiga naye picha, wanaposti, wanasepa. Sanamu ile ilisimikwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ila wapo akina baba wengine, wa Vita ya Pili, waliovushwa bahari kabisa kwenda kupigana Asia, na stori yao haisimuliwi sana mitaani.

Hao ni askari wa Keya, jeshi la Mwingereza lililokusanya watu kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kufanya mazoezi. Mwaka uliofuata ikaingia Burma kupambana na Wajapani. Kati ya hao askari, wengi walikuwa na mke na watoto nyumbani.

Safari yenyewe tu ilikuwa noma. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na manesi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpedo. Meli ilizama ndani ya dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Kuna watoto huku walikuwa wanamsubiri baba ambaye hata vitani hakufika.

Waliofika walikutana na bonde la Kabaw mvua zikiwa zimechachamaa. Matope mpaka magotini, magari yanakwama, malaria inaangusha watu kama risasi. Wakasonga hivyo hivyo mpaka wakauchukua mji wa Kalewa, Desemba 1944.

Sasa unadhani usiku, chini ya turubai linalovuja, baba wa watu alikuwa anawaza nini? Mjapani? Mjapani alikuwepo, ndiyo. Lakini barua zao zilikuwa zinafunguliwa na kusomwa na wakaguzi wa jeshi kabla ya kutumwa, na wakaguzi hao waliona jambo moja linajirudia sana: nyumbani. Mke bado ananisubiri, au kuna mtu kashaingia? Ile hela inayokatwa kwenye mshahara wangu inamfikia, au inaishia njiani? Ng'ombe wangapi wamebaki? Shamba nani kalichukua?

Na hapo kumbuka, wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Baba alilazimika kumwambia mwenzake maneno ya kumwandikia mkewe. Kule nyumbani mke naye atafute mtu wa kumsomea. Kati ya mume na mke kuna watu watatu: anayeandika, anayekagua na anayesoma. Neno la mapenzi utalisemaje hapo? Ndiyo maana wengine walikazana kujifunza kusoma humo humo jeshini.

Kingine kilichowauma ni malipo. Askari Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mzungu, wakati matope ni yale yale na risasi haichagui rangi.

Vita viliisha 1945, watu wakaanza kurudishwa. Mtoto aliyeachwa mgongoni kwa mama sasa anakimbia, na anapomwona huyu mwanaume mwenye koti la jeshi anajificha nyuma ya mama. Baba kavuka bahari, kapona Burma, halafu anaanza kujitambulisha kwa mwanawe.

Wazee wengi wa aina hiyo walikaa kimya. Watoto wakawaona wakali, wajukuu wakawaona wa ajabu. Kumbe mtu alikuwa amebeba kitu ambacho hajapata wa kumwambia. Leo karibu wote wameshatangulia mbele za haki. Kilichobaki ni medali kwenye sanduku, picha iliyofifia, na bibi anayekumbuka kidogo.

Kwa hiyo wikiendi hii ukienda kuwasalimia wazee, weka simu pembeni, uliza. Sanduku la babu lina nini?

Kwenu yupo aliyekwenda Burma? Shusha stori yake hapo chini, hata kama ni mistari miwili.