Mafuta si ziwa chini ya ardhi

Ndugu msikilizaji, tukisikia kwamba mahali fulani yamegunduliwa mafuta, wengi wetu huona akilini ziwa jeusi lililojificha chini ya ardhi, likingoja kuchotwa. Ziwa hilo halipo. Mafuta mengi yamo ndani ya mwamba, katika vijitundu visivyoonekana kwa macho, kama maji ndani ya tofali lililoloweshwa. Ndiyo maana, baada ya kazi yote ya visima, kwa kawaida zaidi ya nusu ya mafuta hubaki humo humo.

Basi vijitundu hivyo vina umbo gani? Njia ya kulijibu swali hilo ilianzia kwa mtu aliyechukia vita.

Lewis Fry Richardson, Mwingereza, alikataa kushika silaha katika Vita Kuu ya Kwanza, akaenda Ufaransa kuendesha gari la majeruhi. Baadaye alitaka kujua kama urefu wa mipaka huchangia nchi kupigana. Alipofungua vitabu akashangaa: Hispania ilisema mpaka wake na Ureno ni kilomita 987, Ureno ikasema ni 1,214. Je, nani alidanganya? Hakuna. Mwenye kipimo kifupi huingia katika kila kona, na mpaka wake hurefuka. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 1961, miaka minane baada ya kifo chake.

Aliyeuokota ni Benoit Mandelbrot, mzaliwa wa Warsaw. Mwaka 1967 aliuliza: pwani ya Uingereza ina urefu gani? Jibu lake ni kwamba tupime kukwaruza kwake, si urefu wake. Mstari ulionyooka hupewa 1, uso bapa hupewa 2. Pwani ya magharibi ya Uingereza, yenye kona tele, ilipata 1.25, ya Afrika Kusini, iliyo laini, 1.02. Mwaka 1975 maumbo ya namna hii akayaita fraktali.

Mwaka 1985 Katz na Thompson, wa kampuni ya Exxon ya Marekani, waliupeleka ujuzi huo ndani ya mwamba. Walivunja mawe ya mchanga, wakayatazama kwa hadubini ya elektroni. Kuta za vijitundu zilikuwa na mikunjo juu ya mikunjo, kama pwani. Kipimo chake kilikuwa kati ya 2.57 na 2.87: zaidi ya uso, pungufu ya kitu kizima. Kwa kipimo hicho, pamoja na ukubwa wa mkunjo mdogo kabisa na mkubwa kabisa, waliweza kukadiria nafasi iliyomo ndani ya jiwe.

Lakini tusishangilie mno. Mwaka 1998 wanasayansi wanne walipitia taarifa nyingi za fraktali, wakaona kwamba katika nyingi, kitu kikubwa kilichopimwa kilizidi kile kidogo kwa mara ishirini hivi tu. Hapo ni rahisi kuona fraktali hata isipokuwapo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku utakapoambiwa kuna mafuta, usiulize mapipa mangapi tu. Uliza yamo katika mwamba gani, na ni kiasi gani kitakachokubali kutoka. Nchi inayotumia fedha za mafuta kabla ya kuujua mwamba wake inakopa kwenye ziwa lisilokuwapo.

Tukutane juma lijalo.