Kasigau Hamjaugundua Nyinyi

Kila Jumatatu asubuhi ni ile ile. Nafungua simu, napata video ya droni inazunguka jabali la Kasigau, amapiano inapiga chini kwa chini, halafu kapsheni: tumegundua mlima ambao hakuna mtu anaujua. Wasee, hakuna mtu? Huo mlima umezungukwa na vijiji vitano. Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Droni yenu imepita juu ya mabati ya watu.

Sisemi kama mtu wa pembeni. Mimi pia niko kwa klabu ya kupanda milima hapa Voi. Tuko fundi, walimu, dada mmoja wa duka la M-Pesa, na mimi niliyeacha chuo nikaamua kontenti. Wikendi tunachanga mafuta, tunatoka kabla jua halijaamka. Tumepanda Sagalla, tumepanda Vuria ambao ndio mrefu kuliko yote Taita, mita 2,208. Lakini Kasigau ndio unanisumbua akili, kwa sababu kila nikisoma habari zake naona sisi watu wa wikendi tunaongea ovyo.

Tuanze na hilo neno, kugundua. Oktoba 1847 mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai akatembea mpaka Kasigau. Yeye aliuandika Kadiaro. Hiyo ni miezi michache kabla hajauona Kilimanjaro, Mei 1848, na theluji yake ikafanya wasomi wa Ulaya wabishane naye kama wanajua zaidi. Huko Kasigau alikuta nini? Alikuta watu. Wana mashamba, wana wazee, wana njia za kupanda na kushuka. Hata yeye mgeni alihitaji wenyeji kumwonyesha pa kupita. Na wewe wa 2020 na kitu umekuja kugundua.

Halafu kuna mapango. Ukipanda kutoka upande wa Bungule utaona mawe yamepangwa bila saruji, ukuta umeziba mdomo wa mwamba. Wengi wetu tunapiga selfi hapo tukidhani ni zizi la mbuzi. Mtaalamu wa mambo ya kale, Chapurukha Kusimba, amechimba na kuandika kuhusu sehemu hizo: zilikuwa ngome. Enzi za biashara ya watumwa watu walijificha humo na mifugo yao, wakitazama nyika huko chini nani anakuja. Yaani ile vyuu tunayoisifu, ukiona mpaka Tsavo, kwao haikuwa vyuu. Ilikuwa mlinzi wa geti.

Sasa njooni 1915, hapa ndio penyewe.

Vita vya Kwanza vya Dunia havikuwa vya Ulaya pekee. Tanzania ya leo bara ilikuwa koloni la Wajerumani, Kenya ya Waingereza, na mpaka unapita hapa hapa kwetu. Agosti 1914 Wajerumani walishachukua Taveta. Shabaha yao kubwa ilikuwa reli ya kutoka Mombasa: vikundi vidogo vinavuka nyika usiku na baruti, vinalipua, vinapotea. Waingereza wakaanza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Maktau ili wapeleke jeshi mpakani. Ile reli ya zamani inayopita Mwatate ilizaliwa na vita hivyo, haikujengwa kwa sababu mtu alikuwa anatupenda.

Kasigau uko katikati ya hiyo hesabu. Ni mlima peke yake kwenye tambarare, mita 1,641, ukikaa juu unaona kila kitu, na chemchemi zake zina maji mahali ambapo maji ni shida. Waingereza waliweka kambi hapo. Agosti 1915 Wajerumani wakaishambulia wakaishinda. Na mkubwa akiaibika lazima atafute wa kulaumu. Waingereza wakasema Wakasigau ndio waliowauza, ndio walioonyesha adui njia.

Hapakuwa na kesi. Vijiji vilichomwa moto. Watu wote, wazee, wamama, watoto, wakaondolewa mlimani wakapelekwa Malindi. Fikiria mtu wa mlima wenye ukungu na maji baridi anatupwa pwani, joto, malaria, hana shamba, hana ng'ombe. Wengi walikufa huko. Vita vyenyewe vilikwisha Novemba 1918, jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck akasalimu amri tarehe 25, akarudi kwao akapokewa kama shujaa. Waingereza na Wajerumani wakapeana mikono. Wakasigau bado hawakurudishiwa mlima wao. Ni mpaka miaka ya 1930 ndio waliruhusiwa kurudi nyumbani. Hiyo ni kama miaka ishirini. Mtoto aliyeondoka amebebwa mgongoni alirudi mtu mzima.

Mara ya mwisho tulipopanda, mzee aliyetuongoza njia alituambia mamake alizaliwa Malindi. Alisema tu hivyo, akaendelea kukata kichaka na panga. Mmoja wetu akamuuliza, kwani walikuwa wanafanya kazi huko? Mzee akacheka kidogo akasema, "Hapana mwanangu, walipelekwa." Hakuna aliyeuliza tena. Nilipofika nyumbani ndio nikaanza kusoma.

Mjue pia hii starehe yetu ina umri gani. Klabu ya milima ya Kenya, Mountain Club of Kenya, iliundwa 1949, ikitokana na klabu ya Afrika Mashariki iliyokuwepo kabla yake. Kwa miaka mingi ya ukoloni wikendi ya kupanda mlima ilikuwa mambo ya wazungu. Mwanamume Mwafrika, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1920, alikuwa anatembea na kipande kwenye kibati shingoni, na akionekana mahali asipopaswa kuwa anaulizwa na polisi. Nani angemwelewa akisema ametoka tu kuangalia mandhari? Akipanda mlima ni kwa sababu amebeba mzigo wa mtu. Na kubeba kwenyewe wakati wa vita kuliua watu wengi kuliko risasi. Wale wapagazi wa Carrier Corps ndio waliacha majina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar. Kwa hivyo ukiniona nimebeba begi langu mwenyewe na nalalamika ni zito, nicheke tu.

Hii yote inaishia kwenye pesa, manake kwetu kila kitu kinaishia kwenye pesa. Klabu moja, siitaji, ilikuja juzi ikapanda bila mtu wa kijijini, ati mlima ni wa Mungu na ramani iko kwa simu. Kwenye grupu letu pia kuna wanaoguna: kwa nini tulipe mwongoza njia wakati tushajua njia? Mimi nasema tulipe. Tena tupite kwanza kijijini tuseme tuko nani na tunarudi saa ngapi. Sio kwa sababu tutapotea. Mabomba ya maji ya hivyo vijiji yanatoka kwenye msitu wa juu kabisa, kule tunakopiga kelele na kuacha chupa. Na watu ambao waliwahi kunyimwa huo mlima miaka ishirini wana haki ya kujua nani yuko juu yake Jumamosi.

Tulipiga kura kwenye grupu. Kumi na mmoja walikubali, watano wamekataa, mmoja ametuma stika ya mbuzi. Hela ya mwongoza njia sasa iko ndani ya mchango.

Safari inayofuata ni Salaita, karibu na Taveta. Ni kakilima tu, dakika chache umefika, lakini tarehe 12 Februari 1916 brigedi nzima ya Afrika Kusini ilikimbizwa hapo, na wengi wa wale waliowakimbiza walikuwa askari Waafrika waliovaa sare ya Mjerumani. Nitawaeleza tukiwa juu. Gari linatoka Voi saa kumi na moja alfajiri, beba maji lita tatu, na droni iombewe ruhusa.