Kitufe kilichokataa Kiswahili

Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba hazikosi: Kiswahili bungeni, Kiswahili mahakamani, Kiswahili Umoja wa Afrika. Kitufe cha kwenye kioo cha kompyuta hakitajwi. Lakini kwa mtumishi anayekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima pale Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma, lugha ya kazi ni ile iliyoandikwa kwenye vitufe. Na kitufe kukubali au kukataa Kiswahili ni jambo lenye historia ndefu kuliko Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007.

Chanzo chake ni meli. Trygve Reenskaug wa Norway alikuwa akitengeneza programu za viwanda vya meli tangu miaka ya 1960. Mpango wa kuunda meli ni mzigo mkubwa wa taarifa, na kila fundi hutaka kuutazama kwa jicho lake. Mwaka 1978 alikwenda maabara ya Xerox PARC, California, akagawa kazi: taarifa na kanuni zake zikae kivyake, kinachoonekana kwenye kioo kivyake, na kinachopokea amri za mtumiaji kivyake. Jina ndilo lililomsumbua. Mei 1979 aliandika Thing-Model-View-Editor. Desemba 10, baada ya mabishano marefu na wenzake, hasa Adele Goldberg, likawa Model-View-Controller. Leo huitwa MVC.

Visual Basic, zana ya kutengenezea programu, ilikuja 1991 na kurahisisha mambo: unachora kitufe, unakibofya mara mbili, unaandika msimbo hapohapo. Mamilioni wakaipenda. Kinyume na mgawo wa Reenskaug, kanuni za mishahara, kwa mfano, zikajikuta zinaishi ndani ya kitufe.

Kichekesho kikubwa kilitokea kwenye lugha ya programu ya Java. Toleo la kwanza, la 1996, halikukipa kila kitufe msikilizaji wake, yaani kipande cha msimbo kinachongoja mbofyo. Mbofyo ulipanda kutoka kitufe hadi dirisha, na huko mara nyingi programu ikauliza: kilichobofywa kimeandikwa nini? Kama ni “Save”, hifadhi. Kama ni “Print”, chapisha. Yaani maandishi anayoyasoma binadamu ndiyo yaliyokuwa amri ya mashine. Mtu akifuta “Save” na kuandika “Hifadhi”, kitufe kilibonyea na kuinuka kama kawaida. Hakuna onyo, hakuna kosa, na kazi haikuhifadhiwa.

Java 1.1, Februari 1997, ilirekebisha: kitufe kinasajiliwa msikilizaji, naye anaweza kuandikwa kwenye faili lake, mbali na sura ya programu. Ila toleo hilohilo lilileta njia ya mkato ya kumwandika msikilizaji palepale kitufe kinapoundwa, na wengi wakaishika hiyo. Zaidi ya hapo, mwandishi asipotaja jina la amri, Java huchukua maandishi ya kitufe. Mtego wa zamani ukabaki mlangoni.

Faida ya kutenganisha ilionekana Dar es Salaam Desemba 2004. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu maneno ya vitufe na menyu yalihifadhiwa mbali na msimbo wa kazi. Kazi ile ilistahili kuendelezwa kwa fahari. Badala yake, leo haitajwi sana.

Tangu hapo mengi yamehamia mtandaoni. PlanRep, mfumo wa TAMISEMI wa mipango na bajeti, iliyokuwa ikiwafungisha safari ya Dodoma maofisa wa halmashauri wakati wa bajeti, ilizinduliwa upya kimtandao Septemba 2017.

Wanaotengeneza mifumo ya namna hii Dodoma wana jaribio la dakika moja. Badilisheni “Save” iwe “Hifadhi”, kisha bofyeni. Kazi isipohifadhiwa, msimkabidhi mtumishi mfumo huo; urudisheni mezani.