Mashine Zilipoanza Kusemezana

Kila meli ya mafuta inayoingia bandari ya Kilindini hupita mkondo wa Likoni. Feri husubiri, abiria husogea ukingoni kuitazama, meli hupita polepole kuelekea Kipevu, na watu huendelea na safari zao. Kuanzia hapo mafuta huwa mikononi mwa mashine. Vali hufunguka, pampu huwaka, na bomba hubeba shehena kutoka Changamwe hadi Nairobi, kilomita 450. Njia nzima, kituo kimoja lazima kijue kituo cha mbele kinafanya nini. Pampu ya nyuma ikisukuma huku vali ya mbele imefungwa, presha hupanda, na bomba la mafuta si kitu cha kujaribiwa.

Bomba la kwanza la Kenya Pipeline lilianza kazi mwaka 1978, na pampu zake zilikuwa Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Mwaka 2008 viliongezwa vituo vinne katikati: Samburu, Manyani, Makindu na Konza, ili uwezo upande kutoka mita za ujazo 440 kwa saa hadi 880. Miaka 30 ilipita baina ya kizazi kimoja cha vituo na kingine, na mafuta yaliyopita yalikuwa yale yale. Teknolojia iliyowezesha mashine za rika mbalimbali kufanya kazi pamoja ina historia ndefu, nayo inaanzia kwenye kiwanda cha magari Marekani.

Zamani akili ya kiwanda ilikuwa ukuta mzima wa paneli zilizojaa relei, yaani swichi za umeme, moja ikivuta nyingine kwa waya zisizohesabika. Modeli mpya ya gari ikija, mafundi walilazimika kung'oa waya na kuzifunga upya. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors kilitangaza kwamba kinataka kifaa kinachobadilishwa kwa programu badala ya bisibisi. Mwaka huohuo, siku ya Mwaka Mpya, mhandisi Dick Morley wa Bedford Associates huko Massachusetts alikuwa ameshaandika wazo lake la kifaa cha aina hiyo. Kiliitwa 084 kwa sababu kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni hiyo, na General Motors ilikipokea mwaka 1969 kutoka kampuni mpya iliyoitwa Modicon. Leo mafundi wa dunia nzima, na wa Mombasa vilevile, hukiita kifaa cha aina hiyo PLC.

Programu yake iliandikwa kwa michoro ya ngazi, ileile ambayo mafundi umeme walikuwa wameizoea kwenye ramani za relei. Naamini hilo lilichangia kuenea kwake kuliko kasi yake. Fundi hakuambiwa aende nyumbani ampishe mtaalamu wa kompyuta, bali aliambiwa asome mchoro anaoujua.

Muda si muda soko likajaa. Marekani kulikuwa na Allen-Bradley, Ujerumani Siemens na Simatic yake, Japani Mitsubishi na Omron. Kila mmoja alikuwa na kebo yake, plagi yake, na mpangilio wake wa kuhifadhi tarakimu. Aliyenunua PLC ya kwanza kwa kampuni fulani alijikuta ananunua ya pili na ya kumi hapohapo, apende asipende.

Mwaka 1979 Modicon ilitoa itifaki, yaani lugha ya mashine kuwasiliana, iliyoitwa Modbus, ikachapisha kanuni zake wazi ili mtu yeyote azitumie. Nguvu yake ni ufupi. Ujumbe mzima unaweza kuwa baiti nane: 01 03 00 00 00 02 C4 0B. Maana yake: wewe kituo namba 1, nisomee rejista (visanduku vya namba ndani ya PLC), anzia sifuri, nipe mbili. Baiti mbili za mwisho ni hesabu ya kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Ujumbe huo ukipitishwa kwenye jozi moja ya waya, kwa mfumo wa RS-485, unaweza kusafiri hadi mita 1,200.

Lakini ujumbe kufika salama si sawa na kueleweka. Rejista moja ina biti 16, kwa hiyo namba kubwa zaidi inayoweza kuingia humo ni 65,535. Tenki likiwa na lita 70,000, namba hiyo lazima igawanywe kwenye rejista mbili: ya juu inabeba 1, ya chini inabeba 4,464. PLC ya kampuni nyingine ikizisoma kwa mpangilio wa kinyume, kioo kitaandika lita 292,552,705. Waya ni mzima, hakuna hitilafu iliyotangazwa, na tenki linaonekana kubeba shehena isiyoweza kutoshea hata kwenye meli iliyoileta. Yapo na mengine: rejista inayoitwa 40001 kitabuni huwa ni sifuri kwenye waya, na asiyejua hilo husoma halijoto akidhani anasoma presha.

Miaka ya tisini dunia ilijaribu kuwa na itifaki moja ya viwandani. Wajerumani walikuja na Profibus iliyoasisiwa mwaka 1987, Wafaransa na Wamarekani wakaja na zao, na kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake, kiwango cha kimataifa cha IEC 61158 kilitoka na aina nane ndani yake. Maendeleo makubwa zaidi yalitokea kwingine. Mwaka 1996 kampuni kadhaa zilitoa OPC, njia ya pamoja ya kompyuta kusoma PLC za aina yoyote, na miaka kumi baadaye ikafuata OPC UA, ambayo huwezesha namba kusafiri na jina lake, aina yake na kipimo chake. Modbus nayo haikufa. Mwaka 2004 kampuni ya Schneider Electric, iliyokuwa imeirithi Modicon, iliikabidhi kwa jumuiya ya watumiaji.

Uwazi huo una gharama. Modbus ya asili haina nywila: anayeufikia waya anaweza kuamuru. Januari 2024, mjini Lviv nchini Ukraine, wavamizi waliitumia kuvuruga mfumo wa kupasha joto, na majengo zaidi ya 600 ya makazi yakabaki bila joto katikati ya baridi.

Hapa kwetu jambo hili ni zito kwa namna nyingine, kwa kuwa mitambo yetu huja na wafadhili na wakandarasi tofauti. Kituo cha umeme cha Kipevu I, megawati 75, kilikamilika mwaka 1999 kwa mkopo wa Japani. Kipevu III, megawati 120, ilijengwa na Wärtsilä ya Finland mwaka 2011. Gati jipya la mafuta, lenye nafasi ya meli nne kwa pamoja, lilijengwa na Wachina na kufunguliwa mwaka 2022. Kila mkandarasi huwa na mtambo aliouzoea. Akishaondoka, fundi wa Mombasa ndiye anayebaki kuifanya mitambo hiyo yote ielewane, na bila orodha ya rejista kazi yake huwa ni kubahatisha.

Chukua gati la madini la Base Titanium hapa Likoni. Tangu mwaka 2014 lilipakia mchanga wenye titani kutoka Kwale, na uchimbaji ulifika kikomo Desemba 2024. Kazi ya kupakia ilitegemea mikanda inayofuatana kutoka ghalani hadi melini. Mkanda wa mbele ukisimama, wa nyuma lazima upate habari papo hapo, vinginevyo madini humwagika. Mitambo ya namna hiyo ikipata mwenyewe mpya, na akataka kuongeza mkanda wake wenye PLC ya kampuni nyingine, hati ya makabidhiano inapaswa kumwambia rejista ipi inabeba uzito, ipi inabeba kasi, ipi inabeba amri ya kusimama, na kati ya rejista mbili za namba moja ni ipi inayotangulia. Zabuni za umma zinapaswa kudai karatasi hiyo kabla mkandarasi hajalipwa senti ya mwisho.