Upande wa Treni na Historia ya Mipaka

Katika Ubelgiji magari ya barabarani hushika kulia, ilhali treni zake hushika kushoto. Hakuna fumbo katika tofauti hiyo. Chanzo chake ni mahali walikotoka mafundi. Reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, ilikuwa na njia mbili, na treni zilifuata ile ya kushoto, upande ambao Waingereza waliufuata pia barabarani. Ubelgiji ilipofungua reli ya Brussels–Mechelen tarehe 5 Mei 1835, vichwa vya treni vilitoka Uingereza. Wafaransa nao walimkabidhi Mwingereza Joseph Locke uhandisi wa reli ya Paris–Rouen, iliyomalizika mwaka 1843. Pamoja na chuma na ujuzi yaliingia mazoea.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Alsace. Kwa Mkataba wa Frankfurt wa tarehe 10 Mei 1871, Ufaransa iliiachia Ujerumani nchi hiyo pamoja na sehemu ya Lorraine. Treni za Wajerumani zilishika kulia, na reli za huko zikageuzwa zifuate mtindo huo. Vita vilipokwisha mwaka 1918, bendera, sarafu na lugha ya shule vilibadilishwa upesi. Treni zilibaki kulia, na ziko kulia hata leo.

Yafaa kueleza kwa nini, maana wengi hudhani kwamba amri moja ingetosha. Dereva wa treni hana usukani. Upande wake umekwisha kuamuliwa na mpango wa njia yenyewe. Milingoti ya ishara imesimamishwa ili isomwe na anayekuja kutoka upande mmja tu. Vivyo hivyo makutano ya reli yamepangwa kwa mwendo huo. Kuvigeuza vyote kungedai gharama kubwa, na kosa moja lingeweza kuua. Serikali ya Paris iliona heri kuacha urithi wa adui ufanye kazi. Karibu na mpaka wa zamani yapo madaraja ambapo njia moja hupanda juu ya nyingine, treni zikabadilishana pande bila kusimama. Abiria hahisi kitu.

Katika Katanga swali lilikuwa jingine. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 kutoka Rhodesia ilikuwa ya njia moja, na penye njia moja hakuna kushoto wala kulia. Hatari ni treni mbili kukutana uso kwa uso. Kwa hiyo moja hungoja stesheni, kwenye njia ya kando, mpaka mwenzake apite. Kilichopaswa kulingana pande zote mbili za mpaka ni upana wa reli, milimita 1067. Lori litokalo Zambia likiingia Kongo kwa Kasumbalesa hulazimika kuhama kutoka kushoto kwenda kulia. Behewa la shaba huvuka Sakania juu ya reli zile zile.