Wissmann, Askari na Mpagazi Asiye na Sanamu

Wanafunzi wenzangu wengi hudhani kazi ya sanaa inayostahili uhakiki ni lazima iwe kitabu. Mimi nasema sanamu nayo husomwa, ina fani na maudhui. Hebu tuichukue ile ya Hermann von Wissmann, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Vita vya Majimaji kuzimwa.

Tuanze na fani, maana humo ndimo ulimo ujanja. Juu kasimama Wissmann, yule aliyeuponda upinzani wa Abushiri kule pwani mwaka 1889. Chini yake askari Mwafrika anamfunika simba aliyekufa kwa bendera, macho kamwinulia bwana wake. Basi mtazamaji naye anafundishwa pa kutazama! Askari hana jina. Tena wengi wa askari wa kwanza wa Wissmann hawakuwa watu wa hapa: aliwaajiri Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji. Yaani huyo "mwenyeji mtiifu" alikuwa mgeni vilevile.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, hadi wanafunzi wa huko walipoiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Wanafunzi, jamani! Sisi tungeandika tasnifu.

Dar es Salaam ikapata Sanamu ya Askari mwaka 1927. Huyu hamtazami bwana yeyote, kaelekeza singe bandarini, na wapo wanaoona kwamba hapo Mwafrika amekwisha kuwa mhusika mkuu. Sikubaliani nao. Maandishi yake yanawataja wapagazi, tena yanaahidi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na wana wao, lakini jina halipo hata moja. Kinaya gani kinazidi hicho? Na mpagazi mwenyewe hakusimamishwa juu pamoja na askari. Nairobi, mwaka 1928, angalau alipewa nafasi kando ya askari.

Hili linanigusa kwa sababu ya kwetu. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo yakitokea Rwanda, na Septemba yakaiteka Tabora. Risasi na chakula vilikwenda vichwani mwa watu. Boma la Wajerumani bado lipo Biharamulo, wageni huonyeshwa. Njia walizopita wapagazi, toka Ngara kushuka huku, sijaona mtu akimwonyesha mgeni.